Mashtaka Dhidi ya Duma Hayasimami

Mashtaka yenyewe mmeyasikia. Yanatolewa mimbarini, yanarudiwa kwenye vikao vya wazazi wa shule za upili, na ukipanda matatu kutoka Embu kwenda Meru hukosi abiria anayeyajua yote. Albamu ya bendi ya Duma, iliyotoka Agosti 2020, si muziki bali kelele. Si ya Kiafrika. Ni ya shetani. Ilitengenezwa kwa ajili ya wazungu. Na tangu mwimbaji wake alipotoa albamu yake binafsi mwaka 2024, limeongezwa la tano: kwamba anawavunjia heshima mashujaa wa Mlima Kenya. Nimeyasikiliza madai haya kwa makini, kwa kuwa wanaoyatoa ni majirani zangu na baadhi yao ni watu ninaowaheshimu. Lakini heshima ya msemaji haiwi ushahidi wa anachosema. Ninyi mnaosoma ndio mahakimu. Ninaomba kila dai lisikilizwe lote, kisha lidaiwe uthibitisho.

Kwanza yale ambayo hakuna anayeyabisha. Duma iliundwa na watu wawili wa Nairobi: Martin Kanja, ajulikanaye kama Lord Spike Heart, ambaye ni mwimbaji, na Sam Karugu. Kabla ya Duma walikuwa katika bendi za metali za jijini, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Mwaka 2019 waliungana. Karugu akaliacha gitaa la besi, akashika gitaa la kawaida na mashine za kutengenezea midundo. Walikwenda Kampala, wakarekodi kwa miezi mitatu katika studio za Nyege Nyege, na mwaka uliofuata lebo ya Nyege Nyege Tapes ikaitoa albamu hiyo kwa jina la bendi. Majarida ya Uingereza na Marekani, Pitchfork miongoni mwayo, yaliihakiki na kuisifu. Hayo ni ya hakika. Yanayofuata ndiyo yenye ugomvi.

Dai la kwanza linasema hii ni kelele tupu. Muziki, wanasema, una tuni ya kufuata na maneno ya kusikika, na hapa hakuna ila mngurumo, mayowe na mashine iliyoharibika. Nusu ya dai hili ni kweli, nami siikatai: maneno mengi ya Kanja hayashikiki kwa kusikiliza mara moja. Ila wanaosema hivyo walikua, kama mimi nilivyokua, kwenye harusi na kwenye baa ambako rumba ya Kongo ilipigwa usiku kucha, na si mmoja kati ya kumi aliyejua Lingala. Tulicheza. Tuliimba vibwagizo tusivyovielewa. Hakuna aliyesimama kumwambia Franco kwamba si mwanamuziki kwa sababu Runyenjes hawamwelewi. Kama kutoeleweka kwa maneno hakukuiondoa rumba katika muziki, hakuwezi kuiondoa Duma. Hoja ya mpangilio ni rahisi zaidi. Sikilizeni jinsi midundo inavyokatika kwa pamoja na kurudi kwa pamoja, jinsi sauti ya mtu inavyopanda kutoka mnong'ono hadi ukelele na kushuka tena mahali palipoandaliwa. Hayo hayatokei kwa bahati. Mtu anaweza kusema haupendi muziki huu, na hapo sina kesi naye. Kesi inaanza anapodai kwamba asichokipenda hakipo.

Dai la pili ndilo linalobeba uzito mkubwa mitaani, na ndilo lililo dhaifu zaidi ukilichunguza. Linasema hivi: kasi ile, ukelele ule, ngoma zile zinazopiga kifua, yote ni ya ugenini. Mwafrika ana utulivu wake na adabu yake ya sauti. Vijana hawa wameiga kisichokuwa chao.

Tuanze na neno ugeni. Ni kweli kwamba metali haikuzaliwa hapa. Ilitoka Birmingham, mji wa viwanda wa Uingereza, ambako Black Sabbath walianza mwaka 1968. Lakini kama asili ya ugenini inatosha kuuharamisha muziki, basi tuufunge pia muziki wa kantri. Hakuna sehemu ya Kenya inayoupenda Jim Reeves, Kenny Rogers na Don Williams kuliko nyanda hizi za mlima. Wazee wetu wanauita muziki mzuri, muziki wa watu wazima, na hakuna hata mmoja aliyesimama kikaoni kulalamika kwamba Jim Reeves alizaliwa Texas. Tuifunge mwomboko, ambayo Wakikuyu waliijenga kwa akodioni ya walowezi na hatua za dansi za Ulaya. Tufunge bendi za makanisa yetu zenye kinanda cha umeme, gitaa na ngoma za seti. Wanaotoa dai hili hawako tayari kufunga hata moja. Maana yake ni kwamba si ugeni unaowasumbua. Wana kipimo kingine, nao hawakitaji.

Huenda kipimo hicho ni kasi na ukali. Hapo ndipo ninapowashangaa zaidi, kwa sababu barabara ile ile ya Embu kwenda Meru inapita Chuka. Wapiga ngoma wa Chuka wanajulikana nchi nzima. Ngoma yao ni ndefu, mpigaji huibana katikati ya mapaja, huinama nayo, huipiga kwa viganja, na mwili wake mzima hutikisika kuanzia mabegani hadi miguuni. Wakiwa kundi, hakuna anayeweza kuongea na mwenzake karibu nao. Utulivu uko wapi? Nenda Meru usikilize kirarire, ambapo sauti za wanaume hupokezana kwa nguvu na miguu ikashika mdundo, halafu uniambie kwamba kuimba kwa kifua kizima ni jambo la Ulaya. Tunaona fahari ngoma za Chuka zinapopigwa mbele ya wageni wa serikali, kisha tunageuka kudai kwamba Mwafrika hapendi ngoma kubwa.

Sisemi kwamba Duma walijifunza kwa wapiga ngoma wa Chuka. Hilo sina ushahidi nalo, na sitafanya kosa ninalowalaumu wengine kwalo. Ninasema kitu kidogo zaidi kisichoweza kukataliwa: anayedai kwamba sauti kubwa, mapigo ya haraka na mwili unaotikisika ni vitu vigeni kwetu anakanushwa na jirani zake wa Chuka. Na kama ni kasi tu, Dar es Salaam kuna singeli, ambayo hupita mapigo 200 kwa dakika na huchezwa kwenye sherehe za mitaani, watoto na mama zao wakiwa pamoja. Lebo ile ile iliyoitoa Duma ilitoa mwaka 2017 mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso. Waliosikiliza yote mawili hawakushangaa kuyakuta nyumba moja.

Dai la tatu ni la shetani: kwamba muziki huu ni ibada yake, na unawapotosha vijana. Hili ni lazima nilieleze kwa uangalifu, kwa sababu linatolewa na watu wenye imani ya kweli, na kwa sababu wana ushahidi wa kuonyesha. Wanataja majina ya nyimbo. Uko wimbo uitwao "Pembe 666". Uko "Angels and Abysses". Uko "Sin Nature". Wanauliza: mtu asiyemwabudu shetani anaandika namba ya mnyama kwa nini?

Jibu liko katika Biblia wanayoishika. Namba 666 imeandikwa katika Ufunuo wa Yohana sura ya 13, na husomwa kwa sauti kanisani bila mtu kumtuhumu msomaji. Malaika na kuzimu vimejaa katika kitabu hicho hicho. Kuhusu asili ya dhambi ndani ya mwanadamu, hayo ni mafundisho ya Kikristo kabisa. Paulo aliyazungumza katika Waraka kwa Warumi sura ya 7 kwa uchungu mkubwa. Msanii aliyekulia katika nchi ya makanisa akiandika juu ya dhambi, malaika na mwisho wa dunia, anatumia msamiati aliofundishwa na makanisa hayo. Kutaja si kuabudu. Anayedai ni kuabudu anapaswa kuonyesha tendo la ibada, yaani nani alifanya nini, wapi na lini. Hadi leo dai hili halijafika kwenye tendo. Limebaki kwenye majina.

Tumewahi kuipita njia hii. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri, ambaye jimbo lake kuu la kikanisa lina majimbo ya Embu na Meru ndani yake. Ripoti iliwekwa wazi mwaka 1999. Ilisheheni simulizi za kutisha, na wakosoaji wake walisema tangu siku hizo kwamba simulizi zilikuwa nyingi na uthibitisho haba. Lakini hofu ilibaki. Kwa miaka mingi, shule ikipata mgomo au moto, mtu hutafuta waabudu shetani kabla ya kuuliza kuhusu chakula, mabweni na walimu. Mtoto mwenye kaseti ya roki alikuwa mshukiwa wa karibu. Na wakati macho yetu yakiwa kwenye kaseti hiyo, mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ya watu waliofuata mafundisho ya kufunga hadi kufa. Hapakuwa na gitaa la metali pale. Palikuwa na mahubiri. Siutaji msiba huo kulishambulia kanisa. Mimi ni mtu wa kanisa. Ninautaja kwa sababu kipimo cha hatari kinachotazama majina ya nyimbo kimeshindwa kabisa kuona hatari ilipokuwa kubwa.

Niongeze jambo moja kwa wanaopenda historia. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni iliupiga marufuku Muthirigu, wimbo na ngoma iliyosambaa katika mgogoro wa tohara ya wasichana kati ya Wakikuyu na misheni. Sababu zilizotolewa zilifanana sana na tunazozisikia leo: uchafu, uasi, kuwapotosha vijana. Wajukuu wa walioimba Muthirigu wanapaswa kuwa waangalifu zaidi kuliko wengine wanapotumia maneno hayo.

Dai la nne linasema albamu ilitengenezwa kwa ajili ya wazungu. Wanaolitoa wana ukweli mwingi mkononi, nami nautaja wote. Waanzilishi wa Nyege Nyege, Arlen Dilsizian na Derek Debru, walitoka nje ya Afrika Mashariki. Sifa kubwa zilitoka London na New York. Muuga FM ya Meru na Wimwaro FM ya Embu hazikuijaza albamu hii kwenye vipindi vyao, na mtu wa Nkubu angeweza kumaliza mwaka mzima wa 2020 bila kusikia hata sekunde moja ya Duma. Kwa hiyo, wanahitimisha, ni bidhaa ya kuuzwa nje, na sisi ni mapambo ya jalada.

Lakini tazameni kwanza tarehe. Albamu ilitoka Agosti 2020. Kafyu ya usiku, iliyowekwa kwa sababu ya korona, ilikuwa imeanza Kenya tarehe 27 Machi mwaka huo na haikuondolewa hadi tarehe 20 Oktoba 2021. Kwa miezi kumi na minne baada ya albamu kutoka, bendi ya Kenya haikuweza kupiga tamasha la usiku kwao bila kuvunja amri. Bendi ambayo nguvu yake yote iko jukwaani ilizuiwa kufika jukwaani. Kisha watu wanauliza kwa nini haikupata wasikilizaji nyumbani, kana kwamba nyumbani palikuwa wazi.

Pili, Kampala. Tangu lini Kampala ikawa Ulaya? Simba Wanyika walitoka Tanzania wakajenga jina lao Nairobi. Super Mazembe na Les Mangelepa walitoka Kongo wakarekodi Nairobi nyimbo ambazo bado tunaziita zetu. Samba Mapangala vivyo hivyo. Wanamuziki wa kanda hii wamefuata studio ilipo, na hatujawahi kuwadai pasipoti. Vijana wawili wa Nairobi wakivuka Busia au Malaba kwenda Kampala kwa miezi mitatu, wanafanya alichofanya kila mtu kabla yao, ila kwa upande wa pili.

Tatu, kama Nyege Nyege ni mradi wa kuwafurahisha wageni uliokubaliwa na wakubwa, mbona wakubwa wameupiga vita? Septemba 2018 waziri wa maadili wa Uganda, Simon Lokodo, alitangaza kulizuia tamasha lao la Jinja, na baada ya siku chache likaruhusiwa kwa masharti. Mwaka 2022 bungeni Kampala zikasikika tena sauti za kulifunga. Walioandamwa kwa hoja za maadili ya Kiafrika walikuwa wasanii na vijana wa Afrika Mashariki kwa maelfu. Umiliki wa lebo ni suala halali, na mikataba ya wasanii inastahili kuulizwa kwa ukali. Lakini kuuliza nani anamiliki lebo ni jambo moja, na kusema muziki si wa aliyeuimba ni jambo lingine. Kanja mwenyewe alilijibu suala hilo kwa vitendo: albamu yake The Adept ilitoka Aprili 2024 chini ya lebo aliyoianzisha mwenyewe, Haekalu Records. Waliodai anatumiwa na lebo ya wageni walipaswa siku hiyo kuliondoa dai lao. Sijasikia aliyeliondoa.

Na sasa wekeni dai la tatu na la nne meza moja. La tatu linasema muziki huu unawapotosha vijana wa Embu na Meru, umeingia shuleni, ni tishio. La nne linasema hakuna Mkenya anayeusikiliza, ni wa wazungu tu. Watu wale wale husema yote mawili, wakati mwingine katika kikao kimoja. Moja lazima liwe uongo. Kama hakuna anayesikiliza, hakuna aliyepotoshwa. Kama vijana wamepotoshwa, basi wapo wanaosikiliza, na ni wetu. Mahakimu, walazimisheni wachague.

Hapa nina neno pia kwa upande wa pili, kwa sababu baadhi ya sifa kutoka ng'ambo zilikuwa dai la nne lililogeuzwa. Walioandika kana kwamba metali ya Kenya ni muujiza uliodondoka kutoka mbinguni nao hawakuchunguza. Nairobi ilikuwa na Murfy's fLaw, Parking Lot Grass na Last Year's Tragedy kabla ya Duma. Ilikuwa na stesheni ya X FM iliyopiga roki mchana kutwa. Edward Banchs alichapisha mwaka 2016 kitabu kizima kuhusu metali barani Afrika, Kenya ikiwemo, na Botswana ina bendi kama Wrust na Skinflint zenye historia ndefu. Msikilizaji wa London anayeshangaa kwamba Mwafrika anaweza kupiga metali, na mzee wa Embu anayeshikilia kwamba Mwafrika hapaswi kuipiga, wanakubaliana kuhusu jambo la msingi: kwamba sisi tumetengewa sauti fulani tu. Wote wawili wamekosea kwa sababu moja.

Limebaki dai la tano, nalo ndilo linaloniuma. The Adept imetolewa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyefikia cheo cha fildi masha katika Mau Mau, aliyefariki Septemba 2023. Kanja ni kitukuu wake. Dai linasema kwamba kumtaja shujaa yule juu ya mayowe na mashine ni kumdhalilisha. Mashujaa wanaimbiwa kwa staha.

Hapa Meru dai hili lina masikio tayari, kwa sababu msitu wa Mlima Kenya ulikuwa pia wa Musa Mwariama wa Tigania na Baimungi Marete, wenye cheo hicho hicho. Basi tuulize ni staha gani waliyopewa. Baimungi aliuawa mwaka 1965, Kenya ikiwa huru, na waliomuua walikuwa askari wa serikali aliyoipigania. Mau Mau ilibaki kundi lililopigwa marufuku kisheria hadi mwaka 2003, miaka arobaini baada ya uhuru. Mwariama alifariki mwaka 1989, marufuku hiyo ikiwa bado juu ya jina lake. Muthoni alibaki na nywele zake za msituni hadi Aprili 2022 ziliponyolewa, akiwa mkongwe. Taifa lililokaa kimya kwa miaka arobaini halina haki ya kumfundisha kitukuu sauti ya kumlilia bibi yake.

Lakini achaneni na serikali. Dai linaanguka hata bila hilo. Linasimama juu ya wazo kwamba wapiganaji wale wangechukizwa na mtu kuchukua sauti ya kigeni na kuijaza ujumbe wa vita. Nyimbo za Mau Mau zenyewe zilikuwa nini? Nyingi ziliimbwa kwa tuni za nyimbo za Kikristo, zile zile zilizofundishwa misheni. Ofisa wa kikoloni akipita nje alisikia wimbo wa kanisa. Ndani palikuwa na ardhi, kiapo na majina ya waliokufa. Hawakuona aibu kuichukua tuni ya mmishonari, wala hawakujiuliza ilizaliwa wapi. Waliitumia kwa sababu ilifanya kazi. Kanja amechukua gitaa la Birmingham na mashine ya ngoma, akatia ndani jina la Muthoni. Anayetaka kumhukumu kwa hilo itabidi aanze na waliokuwa msituni.